Liemba: Orijino ya Mwaka Gani?

Jamani, leo nagombana na watu wa aina tatu kwa mpigo: wauza vitu vya "Mjerumani" Kigoma mjini, waandishi wenzangu wa habari, na wakubwa ambao kwao kila kilichozeeka ni chuma chakavu. Wazungu wapenzi wa Liemba nao nitawafikia, nikibakiwa na pumzi.

Nianzie mbali kidogo, kwenye magari. Najua utauliza, Mwamgongo na magari ya mashindano ni wapi na wapi? Kijiji chetu kiko kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, mgongoni milima, usoni ziwa. Mtu akija kwetu anakuja na mtumbwi wa injini, pamoja na magunia ya unga na kreti za soda. Gari kwetu si jambo la kubishania kijiweni. Vumilia tu, nina sababu.

Ulaya na Marekani kuna watu ambao kazi yao ni kukagua ndani ya magari ya zamani ya mashindano na kusema kipi kilitoka nalo kiwandani na kipi kimepachikwa baadaye. Injini hata hawaanzi nayo. Wanaanza na kiti. Wanainua ngozi kuona ndani kumejazwa nini: singa za farasi, kama walivyofanya mafundi wa zamani, au sponji ya juzi. Wanachomoa mita kwenye dashibodi na kuisoma mgongoni, kwa sababu mita za VDO zilizofungwa kwenye Porsche za zamani zina muhuri wa mwezi na mwaka. Gari likiwa la 1958 na mita ikasema 1964, mwenye gari ana maelezo ya kutoa. Wanaangalia uchakavu: usukani umelika kwa mikono ya miaka 60 lakini kiti cha dereva kinang'aa kama cha jana, hapo pana maneno. Na wanaangalia skrubu. Hili la skrubu lishike vizuri, nitalihitaji mbele: ile ya kichwa cha msalaba, inayofunguliwa kwa bisibisi ya nyota, ilianza kuingia viwandani katikati ya miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1913, ujue kuna mkono mwingine uliopita hapo.

Kwa nini wanahangaika hivyo? Pesa, kwanza. Mwaka 1990 huko Uingereza watu walifikishana mahakamani kwa ajili ya Bentley moja iliyoitwa Old Number One, ile iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Bwana Hubbard aliyekuwa nayo alikubaliana na kampuni ya Middlebridge bei ya pauni milioni 10. Mnunuzi akageuka. Akasema gari hili silo, lililoshinda Le Mans limebaki vipande tu, mengine yote yamebadilishwa. Na kweli yalikuwa yamebadilishwa! Lilifungwa injini nyingine kubwa zaidi, mwaka 1932 likapata ajali kwenye uwanja wa Brooklands na kumuua dereva wake, Clive Dunfee, kisha likajengwa upya kwa umbo jingine kabisa. Jaji Otton akasikiliza wataalamu wa pande zote, na mwisho akasema hivi kwa maana yake: vipande vingi vya 1929 havipo, hilo ni kweli, lakini historia ya gari haikukatika hata siku moja. Halikuvunjwa likafa kisha mtu akaja kulifufua kwa jina. Lilibadilika likiwa hai. Kwa hiyo ndilo Old Number One halali. Mnunuzi akashindwa.

Mimi hukumu hiyo naipenda sana. Angalia jaji alivyoweza kuitoa: kulikuwa na kumbukumbu. Watu walijua injini ilitoka mwaka gani, bodi ilibadilishwa mwaka gani na nani. Bila kumbukumbu hizo jaji angebaki na mzee mmoja akiapa "hili ndilo" na mzee mwingine akiapa "hili silo".

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna Bentley. Tanzania iliwahi kuwa na jina kwenye magari, maana Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mara mbili, 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404, lakini hilo ni la siku nyingine. Huku mwisho wa reli chombo chetu cha zamani ni Liemba. Na kwenye Liemba neno "orijino" linatumika hovyo kuliko kwenye maduka ya spea ya Gerezani.

Historia yake wengi mnaijua, lakini naipitia kwa sababu moja tu: nataka tuhesabu pamoja ni nini kingeweza kubaki ndani ya meli ile tangu siku ya kwanza. Ilijengwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana wao aliyetawala hapa 1901 mpaka 1906. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena. Februari 5, 1915 ikaingia majini. Haikupata hata miaka miwili ya raha. Julai 26, 1916 Wajerumani wakiwa wanakimbia waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, ili adui asiipate. Mafundi walewale walioijenga walipaka injini mafuta mazito kwanza ndipo wakaizamisha, maana walitegemea kurudi kuichukua. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua Machi 1924, na Mei 16, 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Piga hesabu. Kutoka 1916 mpaka 1924 ni miaka minane, na sehemu kubwa ya muda huo meli ilikuwa chini ya maji. Sasa niambie ni godoro gani, pazia gani, kiti gani cha ngozi, karatasi gani ya ukutani ingekaa miaka mingi hivyo ndani ya ziwa itoke inakalika? Chuma kinaweza. Shaba inaweza, na ile injini iliyopakwa mafuta iliweza. Lakini vitu laini vya ndani, vile ambavyo msafiri anakalia, analalia na kushika, hata kama Mjerumani aliviweka, samaki wamevimaliza. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kiti na kukuambia "hiki alikalia kapteni wa Mjerumani", usibishane naye. Muulize tu kilikuwa wapi mwaka 1920.

Halafu endelea na hesabu. Injini za mvuke zilizookolewa na yale mafuta ziliisukuma meli mpaka miaka ya 1970, ndipo zikatolewa na kuwekwa za dizeli. Mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark, ikapata tena injini mpya, na vyumba vya abiria vikashughulikiwa. Kilichobaki cha 1913 kwa uhakika ni lile umbo lenyewe la chuma, mkuku, mataruma na mabati yaliyopigwa ribiti. Hayo yanatosha kabisa kumfanya mtu avue kofia. Lakini si sawa na kusema, kama tunavyosema sisi waandishi kila baada ya miezi michache, kwamba "meli hiyo ya Mjerumani yenye umri wa zaidi ya miaka 100 bado ni orijino". Orijino ya mwaka gani, ndugu mwandishi? Dizeli ya 1993 nayo ni ya vita kuu ya kwanza? Sentensi hiyo mmoja aliiandika, wa pili akainakili, wa tatu akainakili kutoka kwa wa pili, na leo ukiuliza nani alishuka chini kwenye injini akaangalia, kimya. Kalamu ni yetu, bisibisi hatuna.

Sasa wauzaji. Mwaka jana Kigoma mjini bwana mmoja alinishika mkono na kunionyesha taa ya shaba iliyofungwa kwenye gazeti. Bei laki tatu. "Hii ya ndani ya Liemba, ya Mjerumani mwenyewe, orijino kabisa, nakupa kwa kuwa wewe ni mwenyeji." Nikaomba niishike. Taa nzuri, nzito, imepata kutu ya kijani inayovutia. Nikaigeuza. Kitako kilikuwa kimefungwa kwa skrubu nne za nyota. Zile zile. Na pembeni kulikuwa na maandishi yamechongwa kwa Kiingereza: MADE IN GERMANY.

Hapo ndipo nilipocheka, na bwana yule akafikiri nimefurahi. Maneno hayo yana historia yake. Mwaka 1887 Waingereza walitunga sheria ya alama za bidhaa kwa sababu walichoka kuletewa vitu vya kigeni vinavyojifanya vya Kiingereza. Wakataka vitu vya namna hiyo viandikwe vimetoka wapi. Wajerumani wakaandika hivyo, kwa Kiingereza, kwa ajili ya soko la Mwingereza. Sasa Mjerumani anayejenga meli ya serikali yake, kwa ajili ya koloni lake, na mabaharia wake, anahitaji kumwambia nani kwa Kiingereza kwamba taa hii imetengenezwa Ujerumani? Si ushahidi wa kumfunga mtu, taa inaweza kununuliwa popote. Lakini ukijumlisha skrubu nne na maneno matatu, unapata taa ambayo ningeitoa elfu thelathini kwa sababu ni nzuri, si laki tatu kwa sababu ya Mjerumani.

Kuna wanaosema waachieni, mgeni mwenye dola zake akidanganywa kuna ubaya gani, si riziki ya mtu? Ubaya upo. Siku ambayo kila taa ya shaba Kigoma ni ya Liemba, ndiyo siku ambayo taa ya Liemba yenyewe haina mlinzi. Atakayeiba ya kweli atasema ni kama zile za sokoni, na atakayeuza ya sokoni atasema ni ya kweli. Wizi na uongo wanakula sahani moja.

Na kama ni ubandia, basi niwape ambao wauzaji wetu hawaujui, maana wangeutangaza. Kitu feki cha kwanza kwenye meli ile alikiweka Mjerumani mwenyewe! Mwaka 1915 alifunga sitahani mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyokwama kwenye delta ya Rufiji. Baadaye von Lettow-Vorbeck akauhitaji mzinga huo nchi kavu. Ukafunguliwa, na mahali pake ukawekwa mzinga wa mbao, uliochongwa ili ukionekana kwa mbali Wabelgiji na Waingereza waogope. Kwa hiyo mtu akija na gogo na kudai ni mzinga wa Götzen, huenda ndiye mkweli kuliko wote. (Natania. Msimpe mtu wazo.)

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi katika hilo neno "ya Mjerumani", nalo si la biashara. Yale masanduku 5,000 hayakujifungua. Meli ya 1913 iliungwa kwa ribiti, maana teknolojia ya kuchomelea meli nzima ilikuwa haijafika, na ribiti inachomwa mpaka inakuwa nyekundu, inapachikwa, inapigwa nyundo upande wa pili ikiwa bado ya moto. Moja baada ya nyingine, maelfu na maelfu. Huko Papenburg vipande vilikuwa vimeshikizwa kwa muda tu ili vifunguliwe. Ribiti zilipigwa Kigoma. Walikuwepo mafundi wachache wa Kijerumani wakisimamia, walikuwepo Wahindi, na walikuwepo Waafrika waliobeba, waliokoka moto, walioshika na kupiga. Kwa hiyo hata ile sehemu ambayo ni orijino kuliko zote, iliyokaa chini ya maji na kutoka nzima, imeshikwa na mikono ya watu ambao leo wajukuu zao wako Ujiji, Mwandiga, na kwetu. Bati ni la Mjerumani. Kazi ni ya Kigoma. Muuzaji anapoita kitu hicho "cha Mjerumani" anampunguzia babu yake mwenyewe ujira kwa mara ya pili.

Nije kwa wakubwa. Meli ilisimama kwa miaka, ikatangazwa kukarabatiwa upya, na mimi ukarabati sipingi hata kidogo. Nisieleweke vibaya. Mimi ni mtu wa mwambao wa ziwa, najua dhoruba ikitoka upande wa Kongo inavyokuja. Na nchi hii haijasahau Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria na mamia ya watu. Nyaya za umeme ziwe mpya, pampu ziwe mpya, maboya yawe mapya na yatoshe abiria wote, na bati lililolika likatwe bila huruma hata kama alilipiga Kaiser kwa mkono wake. Anayetaka abiria wasafiri na waya wa zamani kwa ajili ya picha nzuri huyo si mpenda historia, ni muuaji.

Ninachopinga ni namna tunavyotupa. Ukarabati kwetu mara nyingi unakwenda hivi: kinafunguliwa, kinarundikwa, kinapimwa kwa kilo, kinaondoka na lori. Hakuna anayeandika. Bati lenye jina la kiwanda lina uzito wa robo kilo, basi kwa mpima chuma chakavu thamani yake ni robo kilo. Kitasa cha mlango, ngazi, kengele, saa ya ukutani, kibao cha "Daraja la Pili", vyote mzani unaviona sawa.

Na sheria? Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Nenda kaisome. Kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kinalindwa chenyewe moja kwa moja kama ni cha kabla ya 1863. Mlango wa kuchongwa wa Kiafrika au wa mashariki unalindwa kama ni wa kabla ya 1940, na hapo naipongeza, bila hivyo milango yetu ya Pwani ingeishia sebuleni kwa watu. Lakini mlango wa chuma wa Liemba, hata ukithibitishwa kuwa wa 1913, kwa tarehe hizo uko uchi. Umezaliwa miaka 50 baada ya mstari. Mlango uliobaki wazi ni mmoja: sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa kinalindwa. Haihitaji bajeti ya mabilioni. Inahitaji saini, na kabla ya saini inahitaji orodha, maana Waziri hawezi kulinda "vitu vya Liemba" kwa ujumla jumla. Kipi? Kiko chumba gani? Cha mwaka gani?

Orodha hiyo si kazi ya profesa kutoka nje. Wapo wenyewe hapa hapa. Kwetu fundi wa mitumbwi ukimletea chombo cha mtu mwingine anakizunguka mara moja, anapiga ubao kwa kisigino cha kiganja, anakwambia ubao huu ni wa mwanzo, huu uliwekwa baadaye, na huyu aliyeweka huu alikuwa na haraka. Anajuaje? Anaangalia kichwa cha msumari. Anaangalia pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio, kama ni ya mkono mmoja. Anaangalia ubao uliochakaa kando ya ubao usiochakaa. Ni ujuzi uleule wa yule Mzungu anayeinua ngozi ya kiti cha Porsche, tofauti ni kwamba mmoja analipwa. Wachukueni mafundi wawili wa chuma waliowahi kufanya kazi ndani ya Liemba, kijana mmoja wa chuo mwenye kamera, daftari moja kubwa. Ribiti, andika huenda ya mwanzo. Imechomelewa, andika baadaye. Skrubu bapa, weka alama ya kuuliza. Skrubu ya nyota, tafuta kumbukumbu za 1970 na 1993. Maandishi ya Kijerumani, ya Kiingereza, ya Kiswahili, yote yanasema zamu ya nani ilikuwa. Wiki mbili tu.

Nawafikia sasa wale wapenzi wa kigeni, kama nilivyoahidi. Wanaipenda meli yetu, nashukuru. Wengine wameifahamu kupitia filamu ya The African Queen ya 1951, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester. Lakini wengi wanapokuja wanataka kukwangua. Wanataka kuondoa rangi ya 1993, ya 1970 na ya Mwingereza mpaka waikute Götzen ya vita yao. Kwao miaka isiyofika miwili ya Mjerumani ndiyo meli, na miaka mingine yote iliyofuata ni uchafu uliogandia juu. Mimi nasema hapana. Jaji wa ile Bentley alilielewa hilo: chombo ni yale yote kilichoyapitia. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kwao Kongo. Na Mei 2015 mimi sikuhitaji kusoma popote. Nilikuwa sekondari, na Warundi karibu 50,000 walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka, kati ya mlima na maji, kipindupindu kimeingia. Liemba ilikuwa inapita mbele ya Mwamgongo kwenda kuwachukua na kupita tena ikiwarudisha Kigoma, mia sita kwa safari, usiku na mchana. Ilikuwa haiwezi kufika ufukweni, watu wanapelekwa kwa mitumbwi na kupandishwa juu. Chuma kile walichokishika wakipanda, ngazi ile, benchi lile alipolazwa mtoto anayeharisha, hata kama ni la mwaka 1993 na skrubu zake zote ni za nyota, ni orijino. Orijino ya 2015.

Tazama Ujiji. Mahali Stanley alipomkuta Livingstone, Novemba 1871, ule mwembe wa hadithi ulikufa zamani. Iliyopo leo ni miembe inayosemwa kuwa ilitokana nao, na wenyeji wa kumbukumbu ile wanakwambia hivyo wazi. Hakuna mgeni anayedai kurudishiwa kiingilio. Anapiga picha, anauliza maswali, anaondoka anajua kitu cha kweli kuhusu mti ambao si wenyewe. Kama mwembe unaweza kuwa na maelezo sahihi, meli inashindwaje?

Kwa hiyo ninachotaka kutoka kwa mamlaka ya meli na kwa watu wa mambo ya kale ni karatasi. Kila kilichofunguliwa na kitakachofunguliwa ndani ya Liemba kiandikwe na mwaka wake, nakala ibandikwe bandarini Kigoma ambapo kila mtu anaiona, na kilichotolewa kisionekane mzanini kabla ya kuonekana kwenye karatasi hiyo. Kisichojulikana mwaka kiandikwe "hakijulikani", si aibu. Wanahabari wenzangu, kabla ya kuandika tena ile sentensi yetu, ombeni karatasi. Na orodha isianzie kwenye chumba cha kapteni kama kawaida yetu. Ianzie daraja la tatu, kwenye mabenchi, maana huko ndiko vitu vinakotupwa kwanza.